Kuhamia Kozi Uitakayo Ukiwa na Tajiriba Haba

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, katika vyuo vikuu vya Kongo kama ilivyo katika vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda, hutokea wanafunzi ambao, baada ya kukaa katika darasa la fani moja kwa muhula mmoja au miwili, hutambua ya kwamba nia yao yote ipo katika fani nyingine, na kwamba fani hiyo waliikosa si kwa kuwa hawakuiweza, bali kwa kuwa siku ya kujiandikisha hawakuwa na habari za kutosha, au mzazi alikwisha kuwachagulia, au nafasi zilikuwa zimejaa, au karo yake ilizidi uwezo wa nyumba yao. Mwanafunzi wa namna hii akitaka kuhama hukabiliwa na swali linalomtia hofu kuliko maswali yote, nalo ni hili: yeye ambaye hajapata kuisoma fani ile wala kuifanyia kazi, atawathibitishia vipi walimu wa kitivo kipya ya kuwa anastahili kupokewa? Jawabu langu ni kwamba tajiriba haba si kizuizi kikubwa kama wengi wadhaniavyo, maadamu iwe ni tajiriba ya kweli, iliyotendwa kwa mikono, ambayo mtu mwingine aweza kuishuhudia. Kinachowaangusha waombaji wengi ni kule kuuficha uhaba huo chini ya maneno mengi ya mapenzi.

Nachukua mfano wangu Piana-Mwanga, katika jimbo la Tanganyika, mahali ambapo mto Luvua, ukitoka ziwa Mweru na kuteremka kuelekea Ankoro unakoungana na Lualaba, huanguka kwa nguvu kiasi kwamba kampuni ya Géomines, katika miaka ya 1930, iliona vema kujenga hapo kituo cha umeme wa maji cha kuendeshea machimbo yake ya bati huko Manono. Vita vilivyoikumba nchi mwishoni mwa karne iliyopita viliinyamazisha mitambo ile, na watoto wengi wakakulia jirani na nyumba kubwa ya umeme ilhali usiku wanadurusu kwa kibatari au kwa tochi. Siku hizi jina la Manono latajwa hata katika nchi za mbali kwa ajili ya lithiamu iliyomo katika miamba yake, na wageni wenye ramani na vipimo huja na kurudi. Si ajabu, basi, kwamba kijana wa pande hizo atamani kuwa mhandisi, kwani ameona kwa macho yake ni kitu gani kinachopotea mahali ambapo mhandisi hayupo.

Tumfikirie binti mmoja wa huko. Sekondari alisoma sehemu ya Hisabati na Fizikia, akafaulu Mtihani wa Taifa na kupata Diploma ya Serikali, kisha akaja mjini Kalemie kwa mjomba wake, ambaye ndiye mlipaji wa karo. Na kwa kuwa mjomba alitaka awepo mwanasheria katika ukoo, binti akaandikishwa Sheria. Mwaka umekwisha, mitihani ameishinda, lakini moyo wake haukutoka kwenye umeme. Anataka kuhamia kitivo cha Politekniki, hapo Kalemie ikiwa nafasi ipo, au Lubumbashi ikibidi. Hajapata kufanya kazi kiwandani, hana cheti cha ufundi, wala hana jamaa aliye mhandisi. Huyu ndiye mtu ninayemwandikia.

Jambo la kwanza limpasalo ni kuufahamu utaratibu wenyewe, kwa sababu maombi mengi huanguka kabla hayajasomwa. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeingia katika mfumo wa LMD, yaani Lisansi, Masta na Dokta, ulioondoa ule wa zamani wa miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi. Katika mfumo huu kila muhula una krediti 30, kila mwaka 60, na Lisansi hukamilika kwa krediti 180. Maana yake kwa mtu anayehama ni kubwa: krediti alizozipata katika masomo ya jumla, kama vile Kifaransa, Kiingereza, elimu ya uraia na misingi ya kompyuta, aweza kuomba zitambuliwe, lakini uamuzi u mikononi mwa kitivo kinachompokea, wala hapana somo la Sheria linaloweza kusimama badala ya hesabu au fizikia ya wahandisi. Kwa hiyo na ahesabu tangu mwanzo ya kwamba ataanza tena mwaka wa kwanza, na akitambuliwa krediti chache azione kuwa ni nafuu aliyoongezewa. Mwenye kuomba kuhama huku akidhani atapokewa moja kwa moja mwaka wa pili hujidhihirisha, katika mstari wa kwanza wa barua yake, kuwa hakuuliza.

Karatasi zitakiwazo ni zilezile karibu kila mahali: nakala ya Diploma, ripoti za miaka miwili ya mwisho ya sekondari, karatasi ya alama ya mwaka aliousoma chuoni, hati ya kuonyesha kwamba alihudhuria masomo, na barua ya maombi kwa Katibu Mkuu wa Masomo. Mlango wa kupitia ni apariterati, yaani ofisi ya uandikishaji, na wakati wake ni kabla ya uandikishaji kufungwa, si baada ya wiki kadhaa za masomo. Politekniki na Tiba, aghalabu, huongeza mtihani wa kuingia, na mtihani huo haumsamehi mtu kwa kuwa ametoka kitivo kingine.

Nchi jirani zina njia zao, ila kanuni ni moja. Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoanzishwa mwaka 2005, hutaka anayehama awe na sifa za kuingilia kozi anayoiendea na nafasi iwepo. Kenya, mamlaka ya KUCCPS, inayogawa nafasi za vyuo, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huangalia kama alama za mwombaji katika mtihani wa sekondari zinafikia kiwango cha kozi ile. Kongo hali kadhalika: Diploma ya Serikali huonyesha sehemu uliyosoma na asilimia uliyopata, na msomaji wa ombi huanzia hapo. Binti wetu, aliyesoma Hisabati na Fizikia, amekwisha kuuvuka mto wa kwanza. Aliyesoma Kilatini na Falsafa akitaka umeme, au aliyesoma Biashara akitaka tiba, safari yake ni ndefu zaidi, na ni insafu kumwambia hivyo mapema kuliko kumwacha akitumia fedha za nauli na za fomu kwa tumaini lisilo na msingi.

Baada ya sifa za kuingilia, msomaji wa ombi hugeukia karatasi ambayo mwombaji hakuitazamia, nayo ni karatasi ya alama za kozi anayoiacha. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Mwanafunzi akishaamua moyoni kuwa Sheria si yake, huacha kwenda darasani, hukosa mazoezi, huingia mtihani bila kujiandaa, akidhani alama hizo hazina kazi tena kwa kuwa anaondoka. Walakini walimu wa kitivo kipya hawana kitu kingine cha kumpimia. Hawajapata kumwona akisoma fizikia ya chuo. Wamwona tu alivyosoma masomo aliyopewa. Alama 14 juu ya 20 katika somo asilolipenda huwaeleza kwamba mtu huyu hufanya kazi hata pasipo raha, na uhandisi una miezi mingi isiyo na raha. Alama 7 huwaacha katika tashwishi: je, anakimbilia fani, au anakimbia kushindwa? Hilo ndilo swali lililofichika nyuma ya kila ombi la kuhama, na hapana barua, hata iandikwe kwa ufasaha gani, iwezayo kulijibu vizuri kuliko mwaka mmoja wa alama njema. Kwa hiyo nasaha yangu kwa anayefikiria kuhama mwaka ujao ni kwamba, tangu leo, aisome kwa bidii kozi anayotaka kuiacha.

Na ikiwa alama mbaya zimekwisha kupatikana? Basi zitajwe, zielezwe kwa sentensi mbili, na sababu yake isemwe kama ilivyo, iwe ni ugonjwa, au kufiwa, au karo iliyochelewa hata jina likaondolewa katika orodha ya mtihani. Asitafute kuwalaumu walimu wake. Msomaji atakayeona alama 7 katika karatasi na asione neno lolote juu yake katika barua atajijazia sababu mwenyewe, na atakayoijaza haitakuwa nzuri.

Iwapo mtu adhani kubadili fani ni aibu, au ni dalili ya kutojua atakalo, namkumbusha habari za Julius Nyerere. Ombi lake la kwanza la ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza lilikataliwa; aliomba tena, na mwaka 1949, akiwa mwalimu wa shule ya St. Mary's huko Tabora, akapewa. Alipofika Edinburgh alianza na masomo mafupi ya kemia na fizikia, na pamoja na hayo akafanya mtihani wa Kiingereza wa kiwango cha juu katika mtihani wa awali wa vyuo vikuu vya Skotlandi, akashinda. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule akapokewa katika kitivo cha Sanaa, na mwaka 1952 akahitimu. Lililo muhimu kwetu katika mkasa huu ni ule mtihani wa Kiingereza. Hakungoja mlango wa Sanaa ufunguliwe ndipo aanze kujitayarisha. Wakati angali katika kemia na fizikia alikuwa na ithibati mkononi, iliyotolewa na watahini wasiomjua, ya kwamba lugha ya masomo yale ataimudu.

Swali linalobaki ni la binti wetu: ithibati yake ataitoa wapi, hali hana karakana, hana maabara, na Piana-Mwanga i mbali na Kalemie? Hapa naomba msomaji anistahimilie nikae kidogo, kwa maana hapa ndipo ombi linapopatia uhai.

Wakati wa likizo atakaporudi kwao, achague kijito kimoja kilicho karibu, kisiwe Luvua, ambao ni mto wa kuheshimiwa na wenye hatari, bali kijito ambacho watu hukivuka kwa miguu. Apime upana wa maji kwa kamba aliyoitia mafundo kila nusu mita; apime kina katika sehemu tano au sita za upana huo, kisha atafute wastani. Halafu apime mita 10 za ukingo, achomeke kijiti mwanzo na kijiti mwisho, atupe kipande cha ubao katikati ya mkondo, na ahesabu kwa saa ya simu ni sekunde ngapi ubao huo utachukua kutoka kijiti hadi kijiti. Arudie, kwa sababu kipimo kimoja hakiaminiki, na mdogo wake asimame ng'ambo kumpigia kelele ubao unapopita. Tuseme amepata upana wa mita 2, kina cha wastani nusu mita, na sekunde 20, yaani mwendo wa nusu mita kwa sekunde. Maji ya juu huenda mbio kuliko ya chini, kwa hiyo mwendo huo huzidishwa kwa kama 0.8, ukawa 0.4. Upana ukizidishwa kwa kina ni mita moja ya mraba, basi kijito kinapitisha mita za ujazo 0.4 kila sekunde.

Kila mita moja ya ujazo kwa sekunde, ikianguka mita moja, ina nguvu ya kama kilowati 9.8. Kijito chetu kikiwa na maporomoko ya mita 3, tuzidishe 9.8 kwa 0.4 kwa 3, tutapata karibu kilowati 11.8, na tukichukulia kwamba mitambo midogo itaokoa asilimia 60 tu ya nguvu hiyo, zitabaki kama kilowati 7, ambazo zaweza kuwasha taa 700 za wati 10 kwa wakati mmoja. Hesabu hii ni ya sekondari. Haina siri yoyote. Lakini mtu aliyeifanya kwa kulowa magoti, akaandika vipimo vyote katika daftari pamoja na tarehe, na hata vile vilivyotofautiana na kumtatanisha, na chini yake akauliza kwa dhati, "Je, mwezi wa Septemba, mvua zikiwa zimekatika, maji haya yatabaki kiasi gani?", huyo amekwisha kuanza kuuliza kama mhandisi, kwa kuwa swali la maji ya kiangazi ndilo linaloamua ukubwa wa mtambo wowote wa umeme wa maji. Mwalimu wa Politekniki akisoma kurasa mbili za daftari hilo atajua kuhusu mwombaji mambo ambayo kurasa kumi za sifa haziwezi kumwambia.

Mjini Kalemie fursa ni nyingine. Umeme wa mji hutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, nao hukatika. Ndiyo maana mafundi wa paneli za jua, wa betri na wa jenereta hawakosi kazi. Fundi aliye mwungwana hatakataa kumpokea mwanafunzi anayekuja kila Jumamosi, anayefagia bila kuambiwa na kuuliza bila kusumbua. Huko binti atajifunza, mathalani, kwamba betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, na kwamba ikishuka hadi 11.8 ni kama tupu, na kuiacha hivyo siku nyingi ni kuiua. Atajifunza kuunganisha betri mbili ili kupata volti 24, na jinsi ya kuziunganisha ili volti zibaki 12 na uwezo uongezeke. Ataona waya mwembamba ukipata moto kwa sababu fundi wa kwanza alibana gharama. Baada ya miezi michache amwombe fundi ushahidi wa maandishi. Mafundi wengine hawapendi kuandika; si neno, binti aandike mwenyewe mistari mitano ya mambo aliyoyafanya, amsomee, na fundi atie saini na namba yake ya simu. Mistari hiyo mitano yenye namba inayopokelewa yazidi barua ndefu ya mtu mkubwa ambaye hajamwona mwombaji akishika bisibisi.

Sasa barua. Nchini Kongo huandikwa kwa Kifaransa, lakini namshauri binti aisimulie kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya mtu atakayemkatiza na kumwuliza "kivipi?" kila anapotoa neno la jumla, ndipo aiandike. Waombaji wengi huanza hivi: "Tangu utotoni nimeupenda uhandisi, na ndoto yangu ni kulitumikia taifa langu." Maneno hayo yaweza kuwa ya kweli kabisa, na mwandishi wake aweza kuwa amelia alipoyaandika, bahati mbaya ni kwamba msomaji ameyasoma asubuhi hiyo katika kila barua, wala hana njia ya kuyapima. Linganisha na haya: "Nimemaliza mwaka wa kwanza wa Sheria nikiwa nimepata krediti zangu zote 60. Naomba kuanza upya mwaka wa kwanza wa Politekniki. Sijapata kufanya kazi katika fani hii. Nilichokifanya ni vitu viwili: nimepima nguvu ya kijito cha kijijini kwetu, na vipimo vyake nimeviambatanisha, na tangu mwezi wa Januari nashinda Jumamosi kwa fundi wa paneli za jua, ambaye ushahidi wake upo nyuma ya barua hii. Hesabu ndiyo inayonipa kazi zaidi, na kwa sababu hiyo narudia mazoezi ya mwaka wa mwisho wa sekondari." Barua ya pili ni fupi. Inakiri uhaba, inataja ilichonacho, na inaonyesha kwamba mwombaji anajua mahali alipo dhaifu. Mimi ningeipokea.

Tena pana jambo la kuilinda kozi anayoiacha isidharauliwe. Asiandike kwamba Sheria haina faida au kwamba inachosha. Atakayeisoma barua yaweza kuwa amekaa katika baraza moja na mkuu wa kitivo cha Sheria. Lakini hata pasipo hayo, adabu ya elimu haimruhusu mtu kutukana mlango aliotokea. Aseme alichofaidi: kusoma kifungu kwa makini, kutofautisha hoja na dai, kuandika jambo kwa mpangilio. Sifa hizo mhandisi anazihitaji, hasa siku ya kuandika ripoti.

Nisimalize bila kumtaja marehemu Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa mwaka 1933, kwa sababu mkasa wake wawafaa wale ambao alama zao za sekondari haziwaruhusu kujivuna. Alipata daraja la tatu katika cheti cha Cambridge, ambalo halikumfungulia mlango wa chuo cha Makerere, akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa. Siku moja alitoa hotuba ya Maulidi ya Mtume, na miongoni mwa waliohudhuria alikuwamo gavana wa Kenya, Sir Philip Mitchell. Gavana alivutiwa, na kutokana na hayo ikapatikana njia ya kijana yule kupelekwa Uingereza, akasoma Huddersfield kwanza, kisha akahitimu Manchester mwaka 1960, akaendelea hadi kupata udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere, ambayo kwa alama zile haikumpata kuwa mwanafunzi, ikampata kuwa profesa. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha bahati, na bahati ilikuwamo. Lakini gavana hakusikia ahadi ya kwamba kijana huyu siku moja atakuwa msemaji, alimsikia akisema. Daftari la kijito, kwa binti wa Piana-Mwanga, linafanya kazi ileile, na wala halihitaji gavana.

Yapo mambo mawili magumu ambayo makala nyingi huyapita, nami sioni haki kuyapita. La kwanza ni la nyumbani. Mjomba aliyelipa karo ya mwaka mmoja wa Sheria ana haki ya kuambiwa kabla ya chuo kuambiwa, na aambiwe kwa heshima, pamoja na hesabu: kuanza upya kunaongeza mwaka mmoja wa karo, wa chumba na wa chakula, na Lubumbashi ikiwa ndiko aendako, safari ya reli kupitia Kabalo na Kamina si ya siku moja. Binti amwendee akiwa na daftari lake na karatasi yake ya alama, amweleze, "Mjomba, mwaka ulionilipia sikuupoteza, alama zangu ndizo hizi." Na ikiwa yuko mtu katika ukoo atakayesema kwamba uhandisi si kazi ya mwanamke, sioni aibu kumjibu waziwazi kwamba maji ya Luvua hayaulizi ni mkono wa nani uliofungua lango la turbini.

La pili ni la rushwa. Katika kila mji wenye chuo hupatikana mtu atakayemnong'oneza mwombaji kwamba nafasi ya Politekniki ina bei yake, na kwamba yeye anamjua mwenye kuiuza. Namsihi mwanafunzi asimsikilize. Fedha hiyo haina risiti, na anayeipokea akibadilishwa ofisi hakuna wa kumdai. Lakini hata ikifanikiwa, mwanafunzi ataketi katika darasa la hesabu za juu akiwa hajapimwa na mtu yeyote kama anaziweza, na mtihani wa kwanza utamwumbua mbele ya wenzake. Kila ada ya halali hulipwa benki au kwa mhasibu, na hutolewa stakabadhi.

Ombi likikataliwa, aombe kwa upole kuelezwa sababu, ikiwezekana kwa maandishi, kwa kuwa sababu hizo hazifanani: kukosekana nafasi ni jambo la mwaka huu, kukosa sifa ya sehemu ya sekondari ni jambo la kudumu, na kushindwa mtihani wa kuingia ni jambo la kurekebishwa kwa miezi kumi ya mazoezi. Taasisi za ufundi wa juu, kama ISTA ya Kinshasa, nazo ni mlango, wala si mlango wa nyuma; mafundi wakuu wengi wa nchi hii walipitia katika taasisi za namna hiyo. Na huenda, akifikiri vizuri, binti akaona kwamba aweza kuufikia umeme bila kuondoka katika Sheria. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme ya Kongo kwa wawekezaji binafsi, na Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2018; mikataba ya maji, ya nyaya na ya lithiamu ya Manono itahitaji wanasheria wajuao kilowati ni nini, na hao ni wachache mno. Simwambii akate tamaa na uhandisi. Namwambia kwamba daftari la kijito litamfaa katika njia zote mbili.

Nawaomba, basi, wanafunzi wanaokusudia kuhama mwaka huu wasingoje tangazo la mwisho. Ulizeni apariterati tarehe ya kufungwa kwa uandikishaji, na muiandike mahali mtakapoiona kila siku. Pigeni nakala mbili za kila karatasi. Pelekeni ombi kwa mkono, na nakala moja itiwe muhuri wa kupokelewa na tarehe mbele ya macho yenu, kisha muitunze, kwa kuwa ombi lililopotea ofisini bila muhuri huhesabiwa kuwa halikupelekwa.